Upindo

Mimi ni fundi. Habari za mtu sizijui
ila kwa inchi.

Ulipokuwa mdogo kuliko kichwa cha pini
hakuna aliyejua, hata mamako.
Nilikuwa Barabara ya Biashara, juu ya cherehani,
napinda leso za bibi mmoja wa Kuze,
nawe huko ukijigawa, moja mbili, mbili nne,
bila mkasi, bila chaki,
bila kuuliza bei.

Wiki ya sita Saumu akachukia harufu ya mafuta ya mashine.
Akataka nivue shati mlangoni.
Akataka ukwaju, akataka udongo wa Kongowea,
akataka achari ya embe saa nane za usiku,
na mimi ni nani? Nilikwenda,
nikagonga dirisha la duka hadi nikaapizwa.
Na humo gizani moyo wako ushaanza kushona:
ti, ti, ti, ti,
mshono wa mbio ambao umeme wangu hauuwezi.

Mwezi wa tano kiuno chake kikawa si kiuno.
Nikafumua dera ubavuni, nikatia kipande,
nikafumua tena.
Chako sikushona hata kimoja.
Kabatini kuna kitambaa cha buluu, kimekatwa mikono tu,
cha yule aliyekutangulia,
aliyefika miezi minne akarudi alikotoka.
Tangu hapo hatushoni kabla ya kusikia kilio.

Daktari wa Makadara akasema umegeuka, kichwa chini.
Nikamwelewa. Nguo hushonwa ndani nje,
hugeuzwa mwisho, ndipo ionekane sura.

Ulitoka usiku wa masika, mitaro ya Majengo imefurika,
tuktuk ya tatu ndiyo iliyokubali.
Mkunga akaniambia: kilo tatu kasoro robo.
Nikauliza: na urefu?
Akacheka, akakunyoosha.
Inchi kumi na tisa. Nikaandika kwenye daftari la wateja,
ukurasa wa wanaodaiwa,
chini ya bwana mmoja ambaye hajalipa hadi leo.

Siku ya sita kitovu kikadondoka.
Siku ya arubaini ukanyolewa, na utosi wako
ukawa wapigapiga
kama kitambaa chepesi chenye mtu nyuma yake.
Hukujua mikono ni yako. Uliitazama ikipita.
Ukaicheka taa. Ukaketi, ukaanguka, ukaketi.
Ukatambaa, kwanza kinyumenyume,
mpaka chini ya meza yangu, na hapo
ukaokota pini.

Nilipiga yowe, nikakunyang'anya.
Kisha nikakaa sakafuni miguu imelegea:
gumba na kidole cha shahada kukutana vile
ndiyo kazi yangu yote,
na hakuna aliyekufunza.

Dede! Ukashika mguu wa cherehani.
Dede! Ukauachia.
Neno la kwanza halikuwa baba wala mama. Ulisema "kasi",
ukinyooshea mkono mkasi.
Ziwa uliliacha kwa shubiri; ulilia siku tatu,
mamako nne.
Kisha maswali, Mwanamvua, maswali!
Mbona kivuli hakivai nguo?
Mimi nilikuwa wapi mlipokuwa mkioana?

Kesho chekechea. Sare ya kijani.
Bega hadi goti, inchi ishirini na mbili,
na hukutulia hata moja.
Mafundi huacha upindo wa inchi mbili.
Mimi nimeacha nne.
Mamako asema utavaa pazia.
Na avumilie. Nitafumua kidogo kidogo, muhula kwa muhula,
na kila upindo ukifumuliwa huacha mstari
usioondoka kwa sabuni wala pasi:
hapa uliishia, mwaka ule.

Sasa umenipokonya utepe.
Wasema nisimame wima, nisicheke, mteja hacheki.
Umeufikisha gotini pangu, umekunja uso,
umesoma namba usizozijua.

"Baba," wasema, "una mia."