Ratiba ya Penseli

Zamani ratiba ya zamu iliandikwa kwa wino.
Mwezi huu Bwana Nahdi kaiandika kwa penseli,
akaibandika pale pale, juu ya mizani ya sukari.

Hakuna aliyesema neno.
Saumu alifuta kaunta isiyo na vumbi.
Shemweta wa stoo alizipanga upya sabuni za mche,
zote zielekee mlangoni,
nasi tukaelekea huko huko kwa macho.

Si kwamba Barabara ya Kumi na Mbili haina watu.
Wanaingia, wanashika, wanauliza bei,
wanarudisha.
Yule mama wa Chumbageni, wa mchele kilo tano,
siku hizi anapimiwa robo,
na robo yenyewe huiandikisha daftarini.

Friji moja imezimwa tangu Ijumaa.
Tangu hapo tunanong'ona.
Kumbe ule mngurumo ndio uliokuwa ukitusitiri.

Nadaiwa kodi ya chumba Mikanjuni, miezi miwili.
Nina mtoto wa darasa la nne; kila usiku huniuliza,
"Mama, kesho unaingia saa ngapi?"
Namjibu upesi, kama mtu anayejua.

Leo jioni tukihesabu mauzo, bosi kaniita
bila kuinua uso:
"Mwanakombo, hebu nipatie kifutio."

Nikakitoa kwenye rafu ya madaftari,
nikakipitisha kwenye mashine.
Shilingi mia tatu.
Akalipa. Nikamkatia risiti,
maana hatujauza kingine tangu alasiri.