Zima Hiyo Saa

Usiku wa kwanza niliporudi Tukuyu
Ambokile aligeuka kitandani, akanong'ona,
"Zima hiyo saa."
Nikacheka mpaka mshono ukauma.
Saa yenyewe ilikuwa mimi.

Mwaka ule mvua ilibeba daraja letu la miti.
Leo nahesabu kumi na tisa.
Migomba imekatwa, imechipua, imekatwa tena.

Nilipokuwa darasa la tatu koo liliniuma.
Bibi akanipa tangawizi, nikapona, tukasahau.
Koo halikusahau.
Lilishuka polepole hadi kwenye mlango wa moyo
likakaza bawaba.

Dar walinifungua kifua, wakaweka mlango wa kaboni.
"Huu hauchakai," daktari alisema.
Juu yangu hakusema neno.

Kila mwezi naamkia barabarani,
ukungu bado umeukalia mchai,
nakwea hadi Mbeya kutoa tone la damu.
Mbili na nusu: nesi ananitania.
Nne: "Fizi zinatoka damu?"
Moja na nusu: "Majani ya maboga tena, mama?"
Tena.
Rungwe yote ni kijani, na mimi napimiwa kwa kiganja.

Kisu cha ndizi kikinigusa kidole
chungu huchemka, huiva, hupakuliwa,
na kitambaa bado chekundu.

Mtoto wa pili hatukumzaa.
Vidonge hivi na mimba havilali chumba kimoja.
Jina tulikuwa tumeshachagua.
Tunalo bado, halina mtu.

Wodini tulikuwa wanne.
Sekela alichoka kununua dawa, akasema Mungu anajua;
damu iliganda mlangoni Jumapili,
kwaya ikiwa ubeti wa pili.
Mama Sanga wa Makete alipewa vali ya ng'ombe:
miaka kumi na mmoja, ikalegea, wakamfungua upya.
Juzi kanitumia gunia la viazi, na matusi ya utani.
Wa nne, namba yake haipatikani.
Sijaifuta.

Mimi napanda kilima cha kanisani kwa vituo viwili.
Zamani kilikuwa kimoja.
Zamani zaidi, kabla ya kisu, sikukipanda kabisa.

Majibu yakichelewa nalala kwa shangazi, Uyole.
Saa nne usiku simu inaita.
Ambokile hasalimii, haulizi majibu.
"Iweke kifuani," anasema.
Naiweka.
Tunakaa hivyo, kimya,
tik, tik,
mpaka salio lake linakatika.