Ngeli ya Kiumbe

Madaftari kumi na moja yamefika Wete ndani ya gunia la unga,
yamefungwa kwa ukambaa, yananuka dettoli na mafuta ya taa.
Waliozaliwa Micheweni, mwaka hadi mwaka,
kwa mkono wa Bi Riziki Faki, mkunga,
herufi zimelala upande kama mpunga uliopigwa na mvua.

Vijana wawili wamezichapa kurasa, zikawa safu:
tarehe, mama, shehia, jinsia, uzito, jina.
Kazi yangu mimi ni kitanzi kifupi:
ishike safu, ifungue, kila kishubaka kitie chake,
palipokuwa na mstari pasimame mtoto.

Mashine huanza kuhesabu na sifuri.
Siku ya kwanza nilisahau, nikaanza na moja,
kila kitu kikasogea hatua:
mtoto akazaliwa tarehe Mwatima Juma,
mama yake akawa Kiuyu Mbuyuni,
shehia yake Mwanamke,
na uzito wake, kwa kilo, Biubwa.
Nikacheka peke yangu
mpaka Kombo wa duka la chini akauliza kulikoni.

Nikasahihisha. Wakakataliwa mia tatu na arobaini.
Jina halipo, inasema mashine. Jina halipo.
Haina hasira, inarudia tu.
Ni mimi niliyeandika mlangoni: asiye na jina asipite.
Nikafunua madaftari, na kweli,
kistari cha wino wa buluu, kistari, kistari.

Nikampigia simu Bi Riziki. Sauti yake ikaja na kuku nyuma yake:
"Mwanangu, mimi naandika kitovu kingali kibichi.
Jina ni la siku ya saba, na siku ya saba wako kwao.
Nani atarudi maili nane kunambia kaitwa nani?"

Nikaufuta ule mstari wa mlangoni.

Kisha mapacha wa Raya Khatib, Shumba Mjini.
Ufunguo niliowapa ni jina la mama na siku.
Wa pili akaja na ufunguo uleule,
akafungua, akalala pale pale alipolala nduguye,
na wa kwanza hakusikika tena.
Dakika kumi na mbili kati yao:
Bi Riziki aliziandika pembeni, kwa penseli,
vijana hawakuzichapa.
Nikazichapa mimi kwa mkono mmoja,
wa pili umeuzuia ukurasa usijifunge.

Kitabu nilichosomea kinakiita kitu kila kinachotoka humo.
Kitu kimeundwa, kitu kimejazwa, kitu kimefutwa.
Ki, ki, ki. Mwalimu Asaa wa Konde
angemaliza kalamu nyekundu.
Mtoto wa watu haambiwi kimelia.
Nikatafuta usiku kucha, nikapata kiumbe:
mbele limevaa ki, kama kiti, kama kikombe,
lakini likisimama kwenye sentensi husema a.
Kiumbe amezaliwa. Kiumbe ana mama.
Kiumbe hana jina bado.
Nikaliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa.
Mashine haikujali. Sikuliandika kwa ajili yake.

Saa tisa za usiku umeme umekatika, umerudi,
feni inakohoa, safu zinapita moja moja.
Daftari la saba, mstari wa kumi na nne:
mama, Mize Shaame. Wa kike. Kilo mbili na robo.
Jina, kistari.

Nalijua jina hilo. Nimelitia saini kwenye mkataba wa kazi hii.
Mama husimulia kuwa siku ya saba mvua ilinyesha,
mbuzi wa akika akakata kamba
akakimbilia kwa jirani, wakachelewa wote,
mimi nikabaki bila jina mpaka alasiri.

Vidole viko juu ya herufi.
Nimekiacha kistari mahali pake.
Nimemwita anayefuata.