Kasuku wa Kericho

Saa tatu kasorobo, kila Alhamisi,
tamthilia ikishaandika "itaendelea",
simu yangu hulia mara mbili.
Kwanza Nakuru. Mama, kutoka Kiamunyi,
hata salamu hana:
"Umeona? Umeona alivyomfanyia Zumaridi?"
Kisha Kisumu. Baba, kutoka Manyatta,
anakohoa kwanza, kama mwalimu anayengoja darasa litulie:
"Mwambie mama yako mfalme hana kosa.
Amerogwa. Mtu aliyerogwa hashtakiwi."

Mimi niko Kericho, katikati ya barabara.
Mchana nauza dawa, usiku nabeba maneno.
Huu mwaka wa kumi na mmoja.

Kwenye tamthilia, mama wa kambo
alimdunga mfalme masikio kwa sindano ya barafu
asiisikie tena sauti ya mkewe.
Malkia akilia, mfalme husikia upepo.
Akimwita, husikia mlango.
Basi wana kasuku, wa buluu, mjeuri,
arukaye kutoka mnara hadi mnara,
na kila akitua ameshapunguza neno moja.

Nami hupunguza.
Mama akisema, "Mwambie huyo mzee wa kuuza vya watu,"
humwambia Baba, "Mama anakusalimu."
Baba akisema, "Zumaridi ana kiburi, kama mtu ninayemjua,"
humwambia Mama,
"Anasema Zumaridi anamkumbusha mtu."

Kilichowatenga wao si uchawi. Ni cherehani.
Nyeusi, ya kukanyaga, yenye maua ya dhahabu ubavuni.
Baba aliiuza Mama akiwa matangani Mbale,
ili ndugu yake apate hela za kampeni,
na ndugu yake akapata kura mia moja na tisa.
Mama aliporudi alikuta alama nne za miguu ya chuma sakafuni.
Akazifagia, kana kwamba zinafagika.
Akafunga mzigo.

Alhamisi moja mvua ya mawe ikaipiga Nakuru,
stima ikakatika
mfalme ameshapiga goti, mdomo wazi.
Nilikuwa zamu ya usiku, simu imo mkobani.
Mama alinipigia mara nne.
Kisha (alinieleza kwa hasira, kama mimi ndiye niliyemtuma)
akapiga nambari ambayo hakuwahi kuifuta.

"Kageha?"
"Ni mimi. Mfalme alisema nini?"

Baba hakukohoa.
Alisema mfalme amekiri: taji la Zumaridi halikuibwa.
Aliliuza yeye mwenyewe, kwa bei ya hasara,
bila kuuliza,
na tangu siku hiyo kila soko apitalo
huinamia meza za vitu vikuukuu, akitafuta.
"Amelipata?"
"Bado. Ila juzi aliona la kufanana nalo, pale Kibuye."

Mama akanyamaza.
Tangu lini ufalme wa Zumaridi una Kibuye?

Marudio huwa Jumamosi.
Mama alitazama amesimama, mwiko mkononi.
Mfalme alipiga goti, akafungua mdomo,
mshale wa mama wa kambo ukamwangusha kifudifudi.
Hakusema hata neno.
Mama akanipigia. "Baba yako ni mwongo."
Nilimfahamu mama yangu miaka thelathini na minne
lakini sauti ile sikuwa naijua:
ya mtu aliyelamba ncha ya uzi
na kuupitisha tunduni kwa jaribio la kwanza.

Alhamisi iliyofuata nilijiandaa kama kawaida,
chai, viazi vitamu, simu juu ya mto.
Saa tatu kasorobo. Itaendelea.
Kimya.
Nikapiga Nakuru: nambari inatumika.
Nikapiga Kisumu: nambari inatumika.
Nikangoja, nikapiga tena, huku na huku,
hadi chai ikashika utando.

Na yule kasuku wa buluu?
Siwezi kukwambia kilichompata jioni ile.
Nilikuwa naangalia simu.