Stelingi Hafi

Kibanda cha Avutia, mtaa wa Oli, Arua:
mabati juu, turubai ubavuni,
jenereta nyuma ikikohoa moshi
hadi kwenye chapati za jirani.
Mimi ndiye niliyekaa mlangoni.
Shilingi mia tano, kiti ni ubao.
Mia tano kamili, alisema Avutia,
huruma haijazi tangi.

Siku hiyo mvua. Feni, mtoto wa muuza karanga,
alinifungulia kiganja: mia nne,
zimelowa, zinanuka maganda.
Nikamtazama. Nikatazama foleni.
Nikavuta mlango.
Ulikuwa mzito, nakumbuka. Bawaba zililia.

Ndani, mji mzima ulielea kati ya nyota,
na rubani wake alikuwa na jina lisilotamkika,
basi Avutia, kipaza sauti mdomoni,
akamwita Candia, jina la kwetu,
la mtoto aliyezaliwa siku za dhiki.
“Huyu ndiye stelingi! Mshikeni kwa macho!”
Tukamshika. Chombo chake kilitoboka,
akaingia motoni mara tatu,
akatoka na watoto wa wenzake mabegani,
nyusi zimeungua, anacheka.
Tulipiga mbao kwa viganja. Sheria tuliijua:
risasi humkwepa, vimondo humpisha,
stelingi hafi.

Hakufa.

Hewa ilipungua katika mji ule.
Wakubwa wakamkabidhi ufunguo
wa ghorofa ya chini, walikokaa wafua chuma
na wake zao na mbuzi wao
(mbuzi aliwaongeza Avutia,
kwenye picha hapakuwa na mbuzi).
Funga, au tufe sote.
Candia alilia. Aliegemeza paji la uso kwenye chuma,
akafunga.
Na sisi tulimwelewa, wallahi.
Mtu wa nyuma alisema: angefanyaje?

Mlango wa pili hakulia.
Wa tatu alikuwa akimenya tunda,
akaufunga kwa kiwiko.

Hakuna pepo aliyempanda.
Hakuota pembe, hakuvaa kaniki.
Uso ni uleule tulioushangilia,
nyusi zimeshaota tena, nzuri,
na mkono uleule uliobeba watoto
unafuta maji ya tunda kwenye suruali.

Hapo Avutia akanyamaza.
Picha ikaendelea peke yake,
midomo ikifunguka na kufumba kama ya samaki.
Fasiri! tulipiga kelele. Tumelipa!
Kipaza sauti kilitoa pumzi tu.
Watu wazima waliinamisha vichwa; wao walijua
kuwa miaka ile isiyosimuliwa
Avutia alivaa magwanda
na kukabidhiwa lango fulani.

Mwishowe akasema, wala si kwa sauti ya sinema:
“Wa kwanza tu ndio mzito.”
Akakohoa. Akarudi kazini:
“Haya, mabibi na mabwana! Adui amepatikana!”
Hakuna aliyecheka.

Siku nyingine tungetoka tukigombana
nani awe stelingi, nani afe.
Jioni ile tulisimama chini ya michirizi ya bati
na nafasi ya Candia ilibaki wazi,
kama kiti cha mtu aliyetapika.

Feni alikuwa bado yupo,
jicho limeachwa alama na tundu la turubai.
Aliona yote bure, ila hakusikia vizuri,
akaniuliza:
“Wale wa chini waligonga kwa muda gani?”
Sikujua.
Nilikuwa natazama stelingi.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena,
mia nne na hamsini, kavu, zimehesabiwa.
Niliufunga kwa kidole kimoja.
Asubuhi fundi alikuwa amepaka bawaba mafuta;
nilijiambia ni mafuta.