Kuunga Bila Fundo

Saa tisa alasiri, na Lerwick imeshawasha taa.
Mima Halcrow ananisogezea vipande viwili vya lesi,
vyepesi hata pumzi yangu yavihamisha.
"Usifunge fundo," asema. "Fundo lina mdomo."

Huku vitanzi sitini na vinne, kule sitini na vinne,
vyote wazi, vyatazamana kama waliosusiana.
Ingia kwa mbele, kivue.
Ingia kwa nyuma, kiache kingoje.
Ukivuta panakunjamana,
ukilegeza panaachama.

Nahesabu kwa Kiswahili, yeye kwa lahaja ya kwao.
Kwenye kumi na tisa kitanzi chaniponyoka,
chashuka safu tatu, nami natoka jasho,
jasho, mwezi wa Januari!
Mima hashtuki. Akifuata kwa kulabu,
akipandisha kidato kwa kidato
huku akiuliza kama nataka chai.

Kisha atoa kabatini shali, rangi ya maziwa yaliyokaa.
Tafuta mshono. Natafuta. Sioni.
"Nusu hii alifuma mama, ile shangazi Osla.
Walikuwa hawasemezani, mwaka wa kumi na moja.
Nilitumwa mimi niunge. Nilikuwa na miaka tisa."

Naiinua kwenye taa.
Upande mmoja mkono umekaza,
upande wa pili umetulia, karibu uvivu;
na katikati, safu moja tu
ya vitanzi vya mtoto,
kimoja kimebanwa, kingine chapwaya,
na hakuna kilichoachia.

"Haya," asema Mima. "Rudi kumi na tisa."