Mipira Miwili Juu ya Lami

Kilomita kumi na nne, kutoka kinu cha mbao
hadi kanisa jeupe la Tallsjö,
na kibao kimoja tu: sabini.
Zamani kilisema tisini.
Waliokibadilisha wanakaa Stokholm,
kule ambako gari likisogea ni sherehe.

Mimi nabeba mikate.
Saa kumi alfajiri, Januari,
misonobari kushoto, misonobari kulia,
barabara imenyooka kama mstari wa daftari
na hakuna kiumbe ila mimi na sabini yangu,
tunatambaa.
Mkate unapoa. Mimi nazeeka.
Usinitajie haraka na baraka.
Aliyesema kawia ufike
hakuwa na mikate mia mbili mgongoni
na Alfhild wa dukani akitazama saa.

Novemba kamera ilinipiga picha: themanini na tatu.
Picha nzuri, nimetulia, nimenyoa ndevu.
Picha ghali kuliko ya harusi yangu.

Mwezi wa tano, theluji ilipogeuka uji,
akaja Bodil wa idara ya barabara
na nyundo, na misumari,
na mipira miwili myembamba, myeusi,
akaitandaza kukatiza lami.
Nikamuuliza: mtego?
Akasema: masikio.
"Sina haja ya kujua ni nani. Nasikiliza mwendo.
Nayapanga magari mia, la polepole mwanzo,
nahesabu hadi la themanini na tano.
Mwendo wa hilo
ndio mwendo barabara inaouomba."

Kumbe barabara hupiga kura!
Kufika jioni kijiji kizima kilijua.
Ruben wa lori la magogo, mwalimu Sixten,
hata kasisi,
tukaapa juu ya vikombe vya kahawa:
wiki nzima, tisini juu ya mipira.
Kasisi akaomba themanini na nane,
kwa sababu ya cheo.

Juni matokeo yakabandikwa mlangoni kwa Alfhild.
Palipo nyooka: tisini na moja.
Sixten alirusha kofia.
Kisha mtu akasoma mstari wa chini.
Bodil alikuwa ameweka mipira mingine
asituambie,
kwenye kona ya kinu, lami inapoinama kuelekea mto.
Hapo: hamsini na mbili.

Kibao sabini. Kamera hakuna. Askari hakuna.
Na bado Ruben na magogo yake,
kasisi na cheo chake,
mimi na mikate,
miguu yetu ilikuwa imejiinua yenyewe.
Miaka kumi na tisa naipita kona ile
sikujua kwamba naiogopa.

Basi kibao kinakosea mara mbili,
kinatubana pale, kinatuponza hapa,
namba moja kwa kilomita kumi na nne,
kama kiatu kimoja kwa ukoo mzima.
Hayo tuliyaandika katika barua. Sahihi mia mbili na kumi na mbili.
Jibu halijaja.

Lakini kulikuwa na gari moja.
Kila siku, saa kumi na moja na robo jioni,
palipo nyooka, kavu, mchana kweupe:
sitini na moja.
Nikarudi nyumbani nimefura.
Ingalill, nikasema, unatuharibia hesabu.
Alikuwa anamenya viazi, hakuinua macho.
"Kutoka kwa wazee ninaowaosha
hadi kwenu ninaowapikia
ni dakika kumi na nne.
Humo ndani hakuna anayeniita.
Kwa tisini zinabaki tisa.
Tano zangu unampelekea nani?
Alfhild?"

Jana nilijikuta nyuma yake.
Taa mbili nyekundu, sitini na moja,
barabara tupu hadi mwisho wa macho.
Nikawasha kiashiria nimpite.
Nikakizima.
Nikakiwasha.